Ukuta wa Mfalme, Ngazi ya Mpika Bia

Mwanzoni mwa Oktoba, mgeni wa Richmond Park huwasikia kulungu kabla hajawaona. Madume wekundu, pembe zao zimechanua matawi, hunguruma wakigombea majike, na ugomvi ukipamba moto hugonganisha vichwa karibu kabisa na njia ya waendesha baiskeli. Haya yote yako ndani ya London, katika bustani ya kifalme yenye hekta 955 hivi. Kulungu wake wapo kama 630, wa aina mbili: hao wekundu, na wengine wadogo wenye madoa.

Wengi huiona kama kipande cha pori kilichosahauliwa na jiji. Ukweli ni kwamba pori hili lilitengenezwa kwa matofali. Mwaka 1625 Mfalme Charles I aliikimbia tauni ya London, akahamia kasri la Richmond, na vilima vya jirani vikamvutia kwa uwindaji. Kufikia 1637 alikuwa amevizungushia ukuta wa kilomita 13 hivi na kufungia humo kulungu wapatao 2,000. Ukuta uliyameza mashamba na malisho ya watu, wengine wakiwa hawajakubali kuuza. Ili kupoza hasira, mfalme aliwaachia majirani haki ya kupita kwa miguu, na maskini haki ya kuokota kuni. Yeye mwenyewe alikatwa kichwa mwaka 1649. Ukuta na wanyama wake walimzidi umri.

Haki hizo zilidumu hadi 1751, Binti Mfalme Amelia, mtoto wa George II, alipokabidhiwa usimamizi wa bustani. Akafunga milango; wakawa wanaingia marafiki zake na wachache wenye vibali. Watu wa Richmond walinung'unika, wakaandika malalamiko, wakapuuzwa. Ndipo akajitokeza John Lewis, mpika bia wa mji huo. Alikwenda getini mwaka 1755, akajaribu kuingia nyuma ya gari la farasi, bawabu akamzuia kwa kuwa hana kibali. Lewis hakubishana sana. Alichokuwa akikitafuta ni kuzuiwa, apate kesi.

Kesi ilichukua miaka mitatu. Mwaka 1758 jaji Sir Michael Foster alimpa ushindi, kisha akamuuliza anataka njia ya namna gani: mlango, au ngazi ya kuvukia ukuta? Lewis akachagua ngazi, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Mlango ungelazimika kufungwa daima kulungu wasitoroke. Mgeni akiukuta umefungwa angedhani hana ruhusa, na siku moja ungetiwa komeo kimyakimya. Ngazi haina komeo. Wasimamizi wa bustani nao hawakukosa hila: walijenga ngazi zenye vipandio vilivyoachana mno, watoto na wazee wasiweze kupanda. Lewis akarudi kwa jaji, na jaji akaamuru zirekebishwe hata bibi kizee aweze kuvuka. Baada ya miaka michache Amelia aliacha usimamizi. Mpaka leo lango moja upande wa Kingston linaitwa Ladderstile, yaani ngazi ya kuvukia.

Anayeingia siku hizi halipi kiingilio, ila ana masharti: akae angalau mita 50 mbali na kulungu, na mbwa wafungwe kamba msimu wa kuzaa. Baadhi ya kulungu huuawa kila mwaka kwa mpango, maana humo hamna mnyama wa kuwawinda, na nyasi zina kikomo.

Kuni nazo haziokotwi tena. Mialoni mikongwe, mingine yenye karne kadhaa, huachwa ianguke na kuoza ilipo, kwa sababu mabuu ya mbawakawa wakubwa wenye taya kama pembe hula mti uliooza kwa miaka kadhaa kabla ya kuota mbawa. Mbawakawa hao ni adimu Ulaya, na ni miongoni mwa sababu za bustani kutangazwa hifadhi ya taifa ya mazingira mwaka 2000. Haki ya mpita njia ilipata mtetezi mahakamani. Ile ya maskini imerithiwa na mdudu.