Tiara na Upepo wa Rufiji

Kila mwanafunzi wa historia analijua jina la Ngarambe, katika nchi ya Rufiji, kwa sababu ya maji. Hapo ndipo Kinjeketile Ngwale alipoanza kuwagawia watu dawa mwaka 1904, na kwa neno lake makabila mengi yakashikamana, hata Wajerumani wakamnyonga huko Mohoro tarehe 4 Agosti, 1905. Leo twapenda kuzungumza habari za upepo wa nchi hiyo hiyo, na wa kutufundisha ni watoto warushao tiara.

Tiara, ambayo wengine huiita kishada, huundwa kwa vitu vilivyo karibu: njiti za makuti, karatasi nyepesi, uzi, na mkia wa kitambaa. Mkia si urembo. Ndio uizuiao tiara isiyumbe. Mtoto aliyekosea kuupima huambiwa kosa lake na upepo wenyewe.

Mchezo huu ni wa kale. Wachina waliujua zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, wakitumia mianzi na hariri, na baadaye karatasi. Katika visiwa vya Indonesia wavuvi huning'iniza chambo kwa tiara za majani. Huko Gujarat, Bara Hindi, anga hujaa tiara kila tarehe 14 Januari. Nasi tu watu wa bahari hiyo hiyo: neno letu tiara lina asili ya Kiarabu, nalo lahusu kuruka, na upepo wa kusi uliosukuma majahazi yenye boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji hadi Arabuni, ndio huo unaoinua tiara ya mtoto.

Wako waliofanya mchezo huu kuwa elimu. Mwaka 1749 wataalamu wawili wa Scotland walipandisha vipimajoto angani kwa tiara. Mwaka 1899 ndugu Wright wa Marekani walijaribu fikira zao kwa tiara, na tarehe 17 Desemba, 1903, wakaruka kwa ndege yenye injini. Mwaka 1901 Marconi aliinua waya kwa tiara huko Newfoundland ili kupokea ishara za redio kutoka ng'ambo ya bahari.

Elimu hiyo ilifika kwetu pia. Mwaka 1908, mara tu baada ya Vita vya Maji Maji kuzimwa, Mjerumani Arthur Berson alikuja Ziwa Viktoria akarusha maputo yenye vyombo vya kupimia, akaandika habari za pepo za juu kabisa za nchi yetu. Mabaharia wetu walikuwa wamezijua kusi na kaskazi kwa vizazi vingi, na safari zao zote walizipanga kwa ujuzi huo. Tofauti ilikuwa kalamu: yake iliandika, na ujuzi wa wazee wetu ukabaki vinywani, na mwingi ukazikwa pamoja nao.

Kwa hiyo twawaomba walimu wasiinyang'anye tiara kwa kudhani ni upuuzi. Mwanafunzi na aulizwe: upepo watoka wapi mwezi huu? Wazee wauitaje? Kisha na aandike majibu katika daftari. Tiara hupaa kwa sababu iko mkono unaoushika uzi. Uzi ukikatika, upepo ule ule huichukua na kuitupa porini. Ujuzi wa wazee nao wahitaji mkono wa kuushika.