Mkutano wa wazazi shuleni usiishie katika hotuba

Si ajabu katika shule za umma nchini mkutano wa wazazi kuitishwa saa nne na kuanza saa sita. Mwalimu mkuu husoma orodha ya wadaiwa, mgeni wa heshima huhutubu, halafu wazazi huulizwa harakaharaka iwapo wanakubali mchango mpya. Wachache waliosalia huinua mikono, na hilo huhesabiwa kuwa uamuzi wa wote.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 haikukusudia hivyo. Kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama wa chama cha wazazi, pamoja na mwakilishi wa walimu. Kamati ya utendaji huchaguliwa katika mkutano mkuu wa mwaka, ikiwa na wawakilishi wa kila darasa na walimu wawili. Kuhusu michango, wazazi hujadili na kupendekeza tu. Idhini hutolewa na Waziri wa Elimu kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti. Mtoto hafai kufukuzwa kwa kutolipa, wala hakuna anayeruhusiwa kupokea pesa bila kutoa risiti rasmi.

Kwa hivyo suala la pesa ndilo linalohitaji matayarisho zaidi. Mathalani, shule ikitaka kuanzisha mpango wa chakula cha mchana, hesabu iwafikie wazazi mapema kupitia wawakilishi wa madarasa: gunia la mahindi na la maharagwe ni bei gani, mpishi atalipwa kiasi gani, kuni zitatoka wapi. Asiye na pesa aelezwe iwapo anaweza kuleta nafaka. Mkutanoni, taarifa ya matumizi ya mchango uliopita itangulie ombi jipya. Mwenyekiti anayegeuza mpangilio huu huzua minong'ono, nayo huishia langoni badala ya kuingia katika kumbukumbu za mkutano.

Majina ya wadaiwa yasisomwe hadharani. Mzazi aliyeaibishwa mbele ya majirani huenda asirudi tena, na pengine ndiye ambaye mwalimu wa darasa alitaka sana kumwona kuhusu mtoto wake. Deni lizungumzwe faraghani.

Siku nayo ichaguliwe kwa busara, isiwe ya soko wala wiki ya kupanda. Ajenda tatu zatosha, na lugha iwe ile ambayo nyanya anayelea wajukuu ataielewa. Maswali ya wazazi yatangulie hotuba za wageni, kabla njaa haijawatawanya watu.

Katibu aandike kila azimio, jina la aliyepewa jukumu na tarehe ya kulitimiza, kisha ayasome hayo mwanzoni mwa mkutano wa muhula unaofuata.