Wayahudi wa Mbale na Amin wetu yule yule

UE zimeisha, bumu nalo limeisha, kwa hiyo leo tule historia tu.

Sisi wa Karagwe tukisikia jina la Idi Amin tunawaza vita. Mtoto wa Ihembe, hata kama kazaliwa baadaye sana, habari za 1978 kazisikia nyumbani mpaka basi. Ila kule Mbale, mashariki ya Uganda, wapo wanaomkumbuka Amin kwa jambo jingine kabisa: aliipiga marufuku dini yao. Wanaitwa Abayudaya, yaani Wayahudi kwa Kiganda.

Aliyewaanzisha ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuteka mashariki ya Uganda, halafu akaona hawakumpa alichotarajia. Akajiunga na Wamalaki, Wakristo waliokataa dawa za hospitali. Sasa huyu mzee alikuwa msomaji! Biblia ya Kiganda ilikamilika 1896, naye akazama kwenye vitabu vitano vya Musa. Akakuta tohara imeamriwa, akahoji mbona haifuatwi. Wenzake wakamwambia hayo ni ya Wayahudi. Basi bwana, akasema kama ni hivyo yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe. Myahudi aitwaye Yosefu alifika 1920 tu, akakaa nao miezi kama sita akiwafundisha kalenda na sheria za vyakula. Mwaka 1922 Kakungulu akatoa kitabu chake cha sala na maagizo, kurasa kama 90. Alifariki 1928.

Kwa kweli hapo ndipo ninapomheshimu. Bila kujua, alikuwa ameingia kwenye desturi ya zamani mno. Kwa Wayahudi kusoma Torati ni ibada yenyewe, siyo maandalizi ya ibada. Imegawanywa mafungu 54, inasomwa sinagogi yote kwa mwaka, ikiisha wanasherehekea na kuanza upya siku hiyo hiyo. Na hawasomi kimya kimya kama sisi na madesa yetu. Wanakaa wawili wawili, wanabishana kwa sauti. Hata ukurasa wa Talmudi umepangwa kama diskasheni: maandishi ya zamani katikati, pembeni maelezo ya Rashi, mwalimu wa Ufaransa aliyefariki 1105, na upande wa pili waliokuja baada yake, wengine wajukuu zake mwenyewe, wakimpinga!

Turudi Mbale. Amin alipochukua nchi 1971, Abayudaya walikuwa kama 3,000. Sinagogi zikafungwa, wengi wakahamia Ukristo au Uislamu, wakabaki kama 300 wakisali kwa siri. Kisha JWTZ na wapiganaji wa Uganda wakaingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku hiyo hiyo, jamani, ilikuwa inaanza Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kutoka utumwani Misri. Sijui kama kuna askari wetu yeyote aliyekuwa na habari.

Miaka ya 1980 vijana wakaifufua jumuiya. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alikwenda kusoma Los Angeles, akawekwa kuwa rabi 2008 na kurudi kufundisha kilimani Nabugoye, ambako 2016 ilifunguliwa sinagogi mpya. Kutoka kwetu ni Mutukula, Masaka, Kampala, Jinja, halafu Mbale. Mwenye nauli ya ziada anishtue.