Sakafu za mbao na mng'ao wake

Mtu akiingia katika nyumba nzuri hutazama kuta na viti. Kile anachokikanyaga hakitazami. Lakini sakafu nayo ina historia yake, nasi tunaona inafaa kuieleza kwa maneno machache.

Huko Versailles, katika Ufaransa, vyumba vingine vya jumba la mfalme Louis wa 14 vilitandikwa mawe ya marmari. Mawe hayo yalioshwa kwa maji kila mara. Maji yakapenya chini, yakaozesha boriti zilizobeba sakafu. Ndiyo sababu mwaka wa 1684 mawe yaliondolewa, na maseremala wakaweka mbao za mwaloni, zilizopangwa kama ususi wa mkeka.

Sakafu hiyo haikutaka maji, ilitaka nta ya nyuki. Nyumba za wakubwa zikawa na watu wa kazi hiyo. Walipaka nta, wakangoja ikauke, kisha wakafunga brashi mguuni na kusugua huku na huku kama wacheza ngoma, hata mbao ziking'aa kama kioo.

Lakini nta ikizeeka hushika vumbi na kuwa nyeusi. Hapo kupaka nta mpya ni kufungia uchafu ndani. Dawa yake ni kukwangua mpaka mti safi uonekane, ndipo kupaka. Kazi hiyo ilifanywa kwa mikono, watu wamepiga magoti. Mwaka wa 1875 Gustave Caillebotte aliwachora watatu wao wakiwa kazini, vifua wazi. Waamuzi wa maonyesho makubwa ya Paris waliikataa picha yake. Yeye akaionyesha pamoja na rafiki zake mwaka wa 1876, na leo inatunzwa katika makumbusho ya Orsay, mjini Paris.

Siku hizi mashine ya msasa hukwangua, na mara nyingi vanishi imeshika mahali pa nta. Walakini sheria ni zile zile. Fagieni kila siku, kwa maana mchanga hukwaruza mbao. Futeni kwa kitambaa kilichokamuliwa, msimwage maji. Wala msikwangue ovyo, kwani kila mara mbao hupungua unene.

Na tukiisifu sakafu inayong'aa, tusiwasahau wale walioipigia magoti, wala tusiwapunje ujira wao.