Rufaa, Bingwa na Mratibu

Mwambie mzee wa pwani kwamba una maradhi ya mshipa, macho yake yatashuka kiunoni: kwake mshipa ni ngiri. Mwambie kondakta wa daladala, atadhani mgongo umekukaza. Neno hili moja tumelibebesha ateri, vena, neva na hata kano, na mabango ya waganga barabarani yameliongezea mzigo mwingine ambao sina haja ya kuutaja. Wengi wetu hatupati hasara. Anayeipata ni mwenye HHT, ugonjwa wa kurithi wa mishipa ya damu, kwa kuwa matibabu yake huanzia pale anapoelezwa vizuri kwenye karatasi.

Damu kwa kawaida hutoka kwenye ateri, ikapenya kapilari, ndipo ikaingia vena. Mwenye HHT ana sehemu ambazo kapilari hazipo, ateri na vena zimeungana moja kwa moja. Ningependa tuite maungio hayo michepuko, kama barabara inayokwepa mji. Lakini mtaa ulishaliwahi neno hilo ukalipa kazi yake, na sioni daktari akimwambia mke wa mtu, mumewe ameketi pembeni, kwamba ana michepuko mapafuni. Basi tuseme maungio.

Yaliyo madogo hukaa puani, nayo hupasuka kwa kupenga kamasi tu. Mengine huonekana kama vidoa vyekundu midomoni, ulimini na kwenye ncha za vidole. Ngozi nyeusi huvificha, hivyo mpimaji hana budi kutazama ulimi na ndani ya midomo. Makubwa hukaa mapafuni, ubongoni au kwenye ini. Ya mapafuni ndiyo ya hatari isiyopiga hodi. Mapafu ni chujio, na chujio lililotoboka hupitisha vyote: kibonge cha damu kikaleta kiharusi, bakteria wa jino lililong'olewa wakaleta jipu la ubongo. Ndiyo maana mwenye maungio ya mapafu hupewa antibiotiki kabla ya kung'oa jino, na muuguzi anayemtundikia dripu huhakikisha hakuna kiputo cha hewa ndani ya mrija.

Majina yake nayo yanachanganya. Rendu aliueleza huko Ufaransa mwaka 1896, Osler akafuata mwaka 1901 akiwa Baltimore, Weber mwaka 1907 akiwa London. Wafaransa wakamtanguliza mtu wao wakauita Rendu-Osler. Kwa Kiingereza Rendu akasukumwa mkiani, Osler-Weber-Rendu. Mwaka 1909 Frederic Hanes, Mmarekani, akautungia jina refu la kueleza hali yenyewe, ambalo HHT ni kifupi chake. Si mambo ya kale tu haya: mgonjwa wa Bujumbura mwenye faili la Kifaransa akivuka kwenda kutibiwa Nairobi, atakuta jina la ugonjwa wake limegeuzwa kichwa chini miguu juu.

Tuje kwenye rufaa. Mahakamani, rufaa hukata aliyeshindwa. Hospitalini huandikiwa yule ambaye ngazi ya chini imefika kikomo, akapandishwa kutoka zahanati hadi kituo cha afya, wilaya, mkoa, kanda, taifa. Ngazi hiyo inamfaa mwenye mguu uliovunjika vibaya. Mwenye HHT ikimpandisha humgawanya: pua kwa bingwa wa masikio, pua na koo, kifua kwa bingwa wa kifua, kichwa kwa bingwa wa mfumo wa fahamu, upungufu wa damu kwa bingwa wa damu. Neno bingwa tunalitumia pia kwa timu iliyotwaa kombe, na mabingwa wanne, kila mmoja na siku yake ya kliniki, wanaweza kumtibu mtu mmoja miaka mingi pasi na mmoja wao kuuona ugonjwa wenyewe.

Barua nyingi za rufaa huandikwa hivi: "Mgonjwa hutokwa na damu puani mara kwa mara." Hapo "mara kwa mara" haisemi kitu. Iandikwe hivi: "Hutokwa na damu puani bila kujigonga, tangu utotoni. Mama yake na mjomba wake pia. Ana vidoa vyekundu ulimini." Sentensi hizo tatu zimekwisha kugusa vigezo vitatu kati ya vinne vya Curaçao vya kuutambua ugonjwa huu, vilivyochapishwa mwaka 2000, cha nne ni maungio kwenye viungo vya ndani. Vikitimia vitatu ugonjwa ni dhahiri, viwili unashukiwa. Tanbihi kwa wanaodharau ukoo: kinasaba tumekitoa kwenye nasaba, na hapa kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi.

Kwa makadirio, HHT humpata mtu mmoja kati ya 5,000. Waliofanikiwa kuuhudumia, huko Amerika Kaskazini na Ulaya, walianza kwa kuunda vituo ambamo mtu mmoja hushika orodha yote: kipimo cha moyo cha viputo, picha ya ubongo, kiwango cha chuma, watoto nao wapimwe. Mtu huyo kwa Kiswahili tunalo jina lake, mratibu. Tanzania ina mratibu wa kifua kikuu na ukoma hadi wilayani. Lakini mratibu wetu ni wa mpango; mgonjwa hana wa kwake.

Mikono ya kutibu ipo. Maungio ya mapafu huzibwa kwa koili ndogo zinazopitishwa ndani ya mshipa, kazi ambayo daktari Robert White wa Chuo Kikuu cha Yale aliiendeleza sana. Na ni madaktari kutoka Yale walioanza mwaka 2018 kuja hospitali ya Muhimbili kufundisha tiba za namna hiyo, za kuingia mwilini kupitia mishipa kwa kuongozwa na picha.

Kwa hiyo, ewe msomaji mwenye ukoo unaotokwa damu puani kizazi hadi kizazi: kabla barua haijafungwa, mwombe daktari aandike HHT kwa herufi kubwa, ataje ndugu wote wanaotokwa damu, kisha uulize swali moja, kwa adabu lakini bila kuona haya: mratibu wangu ni nani?