Shule ya Watoto Viziwi ya Buguruni

Mtu atokaye Kariakoo kwa Barabara ya Uhuru, akiisha kupita Ilala, hufika Buguruni. Na hapo ipo Shule ya Viziwi, ambayo wapita njia wengi huijua kwa jina tu. Si mali ya misioni. Lakini katika kitabu hiki cha yubilei yafaa tuikumbuke, maana mambo yake yatuhusu sana sisi tufundishao dini kwa kinywa.

Zamani nchi yetu haikuwa na shule hata moja ya watoto hao. Asiyesikia aliitwa bubu, na mara nyingi wazee wake walimweka nyumbani, wakidhani hana akili. Mwaka 1963 Kanisa Katoliki lilifungua shule ya kwanza huko Tabora. Lakini kwa watoto wa pwani Tabora ni mbali. Hata ulipofika mwaka 1974, chama cha taifa cha kuwasaidia viziwi kikaanzisha shule ya Buguruni, nao wakapata pa kusomea.

Walakini tukiri jambo moja. Kwa miaka mingi watoto viziwi walifundishwa kutazama midomo na kujilazimisha kutamka, wala ishara za mikono hazikupendwa darasani. Desturi hiyo ilitoka Ulaya, ambako mkutano wa walimu uliofanyika Milan mwaka 1880 ulizikataa ishara. Watoto walipokuwa peke yao waliongea kwa mikono vile vile! Mwaka 1993 Chama cha Viziwi Tanzania, ambacho ni chao wenyewe, kilitoa kamusi ya lugha ya alama.

Nasi Wakristo tungaliweza kujua mapema. Katika karne ya 18 Padre Charles-Michel de l'Épée wa Paris alikutana na dada wawili viziwi, akahofu wasije wakafa bila kufundishwa dini. Akajifunza ishara zao, akawafungulia shule wenzao. Tena Marko atuambia kwamba Bwana wetu alipomponya kiziwi alimtenga na watu, akamtia vidole masikioni, akamgusa ulimi, akatazama mbinguni. Alisema naye kwa ishara kwanza, ndipo akatamka neno.

Mimi mwenyewe nilimkalisha mtoto kiziwi benchi la nyuma miaka miwili, katika darasa la Komunyo ya kwanza, kana kwamba nangoja asikie. Dada yake mdogo ndiye aliyenionyesha jinsi ya kumwambia mkate, na Mungu, kwa mikono. Pasaka iliyofuata alipokea Komunyo.