Maeneo Makubwa Zaidi ya Mafuta Duniani, na Vile Yanagusa Mfuko Wako

Kila tarehe 14 wasee hukaa rada kungoja EPRA itangaze bei mpya ya petroli. Ikipanda, boda inapanda, mat inapanda, hadi nyanya za mama mboga zinapanda. Lakini hiyo bei haianzii Nairobi. Inaanzia kwa majangwa na bahari za mbali.

Dunia hutoa mapipa kama milioni 100 ya mafuta kila siku, na pipa moja ni lita 159. Maeneo ya mafuta ni maelfu, lakini machache tu ndiyo hubeba mzigo mzito. Cheki haya:

1. Ghawar, Saudi Arabia
Huyu ndiye baba yao. Ana urefu wa kilomita 280, kama kutoka Nairobi hadi Kisumu ukipima hewani. Aligunduliwa 1948, akaanza kutoa mafuta 1951, na bado anatoa. Mwaka wa 2019 kampuni ya Aramco ilisema Ghawar inaweza kutoa hadi mapipa milioni 3.8 kwa siku.

Usidhani huko chini kuna ziwa la mafuta. Mafuta hukaa ndani ya vitundu vidogo vya mwamba, kama maji kwa sponji. Presha ikishuka, hayapandi. Ndiyo maana Wasaudi huvuta maji ya bahari hadi jangwani na kuyasukuma chini ya ardhi, yakafukuze mafuta yaje juu.

2. Burgan, Kuwait
Iligunduliwa 1938. Mwaka wa 1991, jeshi la Saddam Hussein likitimuliwa Kuwait, liliwasha moto visima zaidi ya 600, vingi vikiwa hapa Burgan. Moshi uliziba jua mchana. Moto wa mwisho ulizimwa Novemba mwaka huo huo.

3. Safaniya, Saudi Arabia
Hii iko chini ya Ghuba, na ndiyo kubwa zaidi kati ya zile za baharini. Iligunduliwa 1951.

4. Permian, Marekani
Hii ni bonde zima lenye visima kibao, Texas na New Mexico. Hapa wanachimba kwenda chini, wanapiga kona, kisha wanapasua mwamba kwa maji na mchanga. Mapipa zaidi ya milioni 6 hutoka hapa kila siku, na ndiyo imeifanya Marekani namba moja duniani, mbele ya Saudi na Urusi. Shida ni kwamba visima vya aina hii huchoka haraka, so lazima wachimbe vingine bila kupumzika.

5. Cantarell, Mexico
Hii ndiyo ya kutisha. Mvuvi Rudesindo Cantarell aliona mafuta yakielea baharini, akaripoti, na eneo likapewa jina lake. 2004 lilikuwa linatoa mapipa zaidi ya milioni 2 kwa siku. Miaka 10 baadaye, hata laki 5 halikufikisha. Hivyo ndivyo jitu kubwa huisha.

Na sisi je?
Mafuta yalipatikana Turkana 2012, na 2019 meli ya kwanza ikabeba mafuta ghafi kutoka Mombasa. Lakini kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilisimama 2013, so petroli tunayotumia huja ikiwa tayari, nyingi kutoka Ghuba. Mafuta ya huko mengi hupitia mlango mwembamba wa bahari unaoitwa Hormuz, ambao kwa kawaida hupitisha karibu moja ya tano ya mafuta yote yanayotumika duniani.

Kwa hivyo siku ingine ukisikia Hormuz kwa habari, usibadilishe stesheni. Hapo ndipo nauli yako ya mwezi ujao inapangwa.